Jinsi London ilivyojenga kingo za Mto Thames kuzuia majitaka

TAREHE 14 Februari 2025 wahandisi jijini London, Uingereza, walifungua muunganisho wa mwisho kati ya 21 inayoingiza majitaka katika handaki jipya lililochimbwa chini ya Mto Thames. Handaki hilo lina urefu wa kilomita 25 na upana wa mita 7.2, kiasi cha kuyatosha mabasi matatu yakisimama ubavu kwa ubavu. Hata hivyo, mpita njia katikati ya jiji haoni chochote isipokuwa viwanja vipya vilivyojitokeza ukingoni, viti vya kupumzikia na nguzo chache ndefu za kupitishia hewa.

Chini ya viwanja hivyo ndiko kuliko kazi iliyowachukua wajenzi karibu mwongo mzima na kugharimu takriban pauni bilioni 4.5, zaidi ya Sh700 bilioni kwa viwango vya ubadilishanaji vya mwaka 2025. Madhumuni yake ni kuyanasa majitaka kabla hayajamwagika mtoni, na kuyapeleka mashariki mwa jiji yakasafishwe.

Kabla ya hapo, wastani wa tani milioni 39 za majitaka ambayo hayakusafishwa ziliingia kila mwaka katika sehemu ya mto huo inayofikiwa na maji ya bahari. Mvua ya milimita mbili tu ilitosha katika baadhi ya maeneo kuyafanya mabomba yafurike. Kwa wenyeji wa Nairobi, ambao wamezoea kuziba pua wanapovuka daraja, huenda ikawa ajabu kusikia kwamba mji mkuu wa taifa tajiri uliishi na aibu hiyo hadi juzi. Ili kuelewa ilikuwaje, ni sharti kurejea karne ya 19.

Uvundo wa mwaka 1858

London ya miaka ya 1850 ilikuwa na watu wapatao milioni mbili na nusu. Kwa karne nyingi kinyesi chao kilihifadhiwa katika mashimo chini ya nyumba, nacho kilizolewa na vibarua usiku na kuuzwa kwa wakulima kama mbolea. Vyoo vya kumwagia maji vilipoenea, mashimo hayo yakaanza kufurika. Wakuu wa jiji wakaamuru yazibwe na nyumba ziunganishwe na mitaro iliyokusudiwa hapo awali kwa maji ya mvua. Mitaro hiyo ilimwaga kila kitu mtoni. Nao mto ndio uliokuwa chanzo cha maji ya kunywa ya wakazi wengi.

Kipindupindu kiliingia mwaka 1831 na kurudi tena na tena. Katika mkurupuko wa 1848 na 1849 pekee, zaidi ya watu 14,000 walifariki jijini. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba ugonjwa huo ulisababishwa na hewa chafu. Daktari John Snow alipinga. Mwaka 1854 alifuatilia vifo katika mtaa wa Soho na kuonyesha kwamba wagonjwa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Wengi hawakukubaliana naye hadi alipoaga dunia mwezi Juni 1858.

Mwezi huohuo joto lilizidi na maji ya mto yakapungua. Uvundo uliotoka humo ulikuwa mkali kiasi kwamba mapazia ya jengo la Bunge, lililo ukingoni, yalilowekwa katika dawa ya chokaa na klorini ili wabunge waweze kuketi vikaoni. Mswada wa kulipa baraza la ujenzi la jiji mamlaka na fedha za kujenga mfumo mpya ulipitishwa kwa siku 18 pekee. Lililoshindikana kwa miaka mingi ya vifo vya maskini liliwezekana harufu ilipowafikia watunga sheria.

Kazi hiyo alikabidhiwa Joseph Bazalgette, mhandisi mkuu wa baraza hilo. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza ingawa lilikuwa gumu kulitekeleza. Kwa kuwa mitaro yote iliteremka kuelekea mtoni, alijenga mitaro mikuu ya matofali iliyokwenda sambamba na mto, kutoka magharibi hadi mashariki, ili iikate ile ya zamani na kuyachukua majitaka kabla hayajafika majini. Mitaro hiyo mikuu ilikuwa na urefu wa kilomita 132. Pale ambapo mteremko haukutosha, pampu za mvuke ziliyainua majitaka, kama katika vituo vya Crossness, kilichofunguliwa mwaka 1865, na Abbey Mills, kilichofunguliwa mwaka 1868.

Hapo ndipo ukingo wa mto ulipobadilika kwa mara ya kwanza. Ili kupata nafasi ya mtaro mkuu wa upande wa kaskazini bila kuzibomoa barabara za katikati ya jiji, Bazalgette aliisogeza nyuma ile sehemu ya tope iliyoachwa wazi maji yalipokupwa. Alijenga kuta kubwa za mawe ndani ya mto, akafukia nyuma yake, na chini ya ardhi hiyo mpya akapitisha mtaro wa majitaka pamoja na njia ya reli. Victoria Embankment, barabara maarufu inayopita kando ya Bunge, ilikamilika mwaka 1870 na kwa hakika ni kifuniko cha mtaro.

Kasoro iliyojengwa ndani

Mfumo huo uliokoa maisha mengi. Kipindupindu kilizuka kwa mara ya mwisho London mwaka 1866, tena katika mitaa ya mashariki ambayo ilikuwa bado haijaunganishwa kikamilifu. Lakini ulikuwa na kasoro mbili.

Ya kwanza ni kwamba haukusafisha chochote. Ulihamisha uchafu tu, ukaumwaga mashariki mwa jiji maji yalipokuwa yakikupwa. Tarehe 3 Septemba 1878, meli ya abiria Princess Alice iligongana na nyingine karibu na midomo ya mitaro hiyo na kuzama. Watu zaidi ya 600 walikufa. Majitaka yalikuwa yamefunguliwa muda mfupi kabla ya ajali, na simulizi za manusura zilieleza jinsi maji yalivyokuwa machafu. Baada ya hapo ndipo mipango ya kuyasafisha majitaka ilipopewa uzito.

Kasoro ya pili ilikuwa ya kukusudia. Mitaro ya London hubeba majitaka ya nyumbani na maji ya mvua katika bomba moja. Mvua kubwa inyeshapo, bomba hujaa. Yasipopata pa kutokea, maji hayo hurudi nyuma na kuchimbuka vyooni na mitaani. Kwa hiyo mitaro ilipewa midomo ya dharura inayofunguka mtoni, ili wakati wa mvua kubwa maji ya ziada yapate njia. Bazalgette aliukadiria mfumo wake uwatosheleze watu milioni nne. Leo London ina karibu milioni tisa, na ardhi ambayo zamani ilikuwa bustani na iliyokunywa mvua sasa imefunikwa kwa lami na saruji.

Hivyo njia iliyokusudiwa kutumika kwa nadra ikawa ya kutumika kila wiki. Katika sehemu ya mto inayofikiwa na bahari kulikuwa na midomo 57 ya aina hiyo, na 34 kati yake ilitajwa kuwa yenye madhara makubwa zaidi.

Madhara hayo si ya harufu tu. Vijidudu vinavyoozesha kinyesi hutumia oksijeni iliyo majini, na oksijeni ikipungua samaki hukosa pumzi. Mnamo 1957 wataalamu wa makavazi ya elimuviumbe ya London walitangaza kwamba kwa hali halisi mto huo ulikuwa umekufa. Ulifufuka polepole baada ya mitambo ya kusafisha majitaka kuboreshwa, hata samoni mmoja akapatikana mwaka 1974. Lakini mwezi Agosti 2004 mvua kubwa ilisukuma mamia ya maelfu ya tani za majitaka mtoni kwa mkupuo, na maelfu ya samaki wakaelea wakiwa wamekufa magharibi mwa jiji. Kwa miaka mingi mashua maalumu zilizunguka mtoni zikipuliza oksijeni majini, kama mgonjwa anayesaidiwa kupumua hospitalini.

Hukumu ya mahakama

Uchunguzi rasmi wa tatizo hilo ulianza mwaka 2000, na kamati iliyoundwa ilipendekeza handaki la kuhifadhi na kusafirisha majitaka. Serikali iliunga mkono wazo hilo mwaka 2007. Shinikizo kubwa lilitoka nje. Sheria ya Muungano wa Ulaya ya mwaka 1991 ilizitaka nchi wanachama zikusanye na kusafisha majitaka ya mijini, na kumwagika kuruhusiwe tu katika hali zisizo za kawaida. Mwezi Oktoba 2012 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza ilikuwa imevunja sheria hiyo. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kueleweka: jambo linalotokea kila mara mvua inaponyesha haliwezi kuitwa dharura.

Kibali cha ujenzi kilitolewa Septemba 2014. Kazi kubwa ilianza mwaka 2016. Mwaka huohuo, mwezi Januari, sehemu ya awali ilikuwa imekamilika upande wa mashariki: handaki la Lee, lenye urefu wa kilomita 6.9, linalounganisha kituo cha Abbey Mills na mtambo wa Beckton, mojawapo ya mitambo mikubwa kabisa ya kusafisha majitaka barani Ulaya. Handaki jipya lilipangwa kuja kuungana na hilo.

Kazi ya ukingoni

Watu wengi wanapozungumzia mradi huu hulitaja handaki. Lakini handaki peke yake ni bomba tupu. Ugumu wa kazi ulikuwa ukingoni, mahali ambapo kila mtaro wa zamani ulilazimika kukatwa na kuelekezwa chini bila kuzuia mtiririko hata kwa siku moja. Jiji la mamilioni ya watu haliwezi kuambiwa liache kwenda chooni.

Midomo mingi iko mahali ilipokuwa mito midogo ya zamani. Mto Fleet, kwa mfano, ulitiririka wazi katikati ya London kabla ya kufunikwa na kugeuzwa kuwa mtaro. Mdomo wake uko chini ya daraja la Blackfriars. Pembeni mwa daraja hilo hapakuwa na ardhi ya kujengea, kwani barabara ya Bazalgette ilifika hadi majini. Ikabidi wajenzi waingie mtoni, kama alivyofanya yeye.

Kwanza walikita vyuma virefu kwenye sakafu ya mto, kimoja kikishikana na kingine, hadi likapatikana boma lisilopitisha maji. Kazi hiyo inahitaji hadhari kubwa, kwa maana katikati ya London kimo cha maji kati ya kupwa na kujaa hutofautiana kwa hadi mita saba, mara mbili kwa siku. Ndani ya boma hilo walijaza vifusi ili mashine nzito zipate pa kusimama, kisha wakachimba shimo la wima la kwenda chini kabisa.

Baadaye walijenga chumba cha zege mbele ya mdomo wa mtaro wa zamani. Maji yanayofurika huingia katika chumba hicho badala ya kuingia mtoni. Kutoka hapo hupita katika mfereji hadi kwenye shimo la wima. Vali za chuma zinazofunguka upande mmoja tu huzuia maji ya mto yasiingie bahari inapojaa.

Kuyaangusha majitaka moja kwa moja kutoka kimo cha makumi ya mita kungekuwa hatari. Yangeigonga sakafu kwa nguvu na kulila zege mwaka hadi mwaka, na yangevuta hewa nyingi na kuisukuma ndani ya handaki. Kwa sababu hiyo huingizwa kwenye bomba la wima kwa njia ya mviringo, yakateremka yakizunguka na kuambaa ukutani huku katikati pakibaki nafasi ya hewa. Mwendo huo huyapunguzia nguvu. Hewa inayotoka huchujwa kwa mkaa maalumu kabla ya kupitishwa katika zile nguzo ndefu zinazoonekana juu.

Ujenzi ulipokwisha, boma la chuma liliondolewa, lakini vyumba na mashimo vilibaki ndani ya mto vikihitaji ukuta wa kuvikinga. Badala ya kuviacha kama vibanda vya mitambo, wasanifu waliwapa wananchi viwanja vipya juu yake, saba kwa jumla, katika maeneo kama Putney, Chelsea, Victoria na Blackfriars. Kile cha Chelsea kina ngazi za chini zinazoachwa zifunikwe na maji yakijaa. Kile cha Blackfriars kilipewa jina la Bazalgette.

Kuchimba chini ya mto

Mashine sita zilitumika kuchimba, nne katika handaki kuu na mbili katika matawi ya Wandsworth na Greenwich. Kwa mujibu wa desturi ya wachimbaji, zilipewa majina ya wanawake, miongoni mwao Millicent, kwa heshima ya Millicent Fawcett aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura.

Njia iliyochaguliwa hufuata mto kwa sehemu kubwa. Sababu yake ni mbili. Midomo yote ya kukatwa iko kandokando yake, na chini ya mto hakuna misingi ya majumba marefu wala msongamano wa njia za reli. Handaki linaanzia Acton upande wa magharibi likiwa na kina cha takriban mita 30 na kuishia Abbey Mills likiwa zaidi ya mita 60 chini. Kila mita 790 linateremka kwa mita moja, hivyo majitaka husafiri yenyewe bila pampu. Mwishoni ndipo pampu kubwa za Beckton huyainua hadi kwenye mtambo.

Udongo nao haukuwa wa aina moja. Magharibi mashine zilipita katika udongo wa mfinyanzi, katikati zikakutana na mchanganyiko wa mchanga na changarawe, na mashariki zikaingia katika mwamba wa chokaa uliojaa maji. Kila aina ilihitaji mashine ya namna yake.

Mto wenyewe ulitumika kama barabara. Zaidi ya tani milioni tano za udongo na vifaa zilibebwa kwa matishari, hatua iliyoliepusha jiji na misururu ya malori. Hali kadhalika wachimbaji waligundua mambo ya kale. Huko Bermondsey, mwaka 2018, ilitangazwa kwamba walikuwa wamepata mifupa ya mwanamume wa karne ya 15 aliyelala kifudifudi topeni, bado akiwa amevaa viatu vyake vya ngozi vilivyofika mapajani.

Kazi ya kuchimba ilimalizika mwaka 2022, baada ya janga la Covid-19 kuichelewesha. Mwezi Machi 2024 kifuniko cha zege chenye uzito wa tani 1,200 kiliwekwa juu ya shimo la Abbey Mills, na mwezi Oktoba mwaka huo miunganisho ya kwanza ikafunguliwa. Likishirikiana na handaki la Lee, mfumo huo unaweza kushika mita za ujazo milioni 1.6. Wenye mradi wanatarajia umwagikaji katika eneo hilo upungue kwa asilimia 95.

Nani analipa?

Handaki hili halikujengwa kwa fedha za hazina ya serikali moja kwa moja. Mwaka 2015 kampuni mpya ilipewa leseni ya kulijenga na kulimiliki, ikiwa na mtaji wa wawekezaji binafsi ukiwemo wa mifuko ya malipo ya uzeeni. Serikali iliahidi kuingilia kati iwapo mambo yangeharibika kupita kiasi. Wawekezaji hurudishiwa fedha zao na wateja wa kampuni ya maji ya Thames Water, wapatao milioni 15 na zaidi. Ilikadiriwa kwamba kila nyumba ingeongezewa kati ya pauni 20 na 25 kwa mwaka kwa bei za 2014 na 2015.

Mpango huo ulisifiwa kwa kupata mikopo nafuu. Lakini ulizua swali ambalo halijaisha: kwa nini mteja alipie kosa ambalo kampuni iliyofaidika kwa miaka mingi ingepaswa kulirekebisha mapema? Swali hilo lilipata makali zaidi Thames Water ilipolemewa na madeni yanayokaribia pauni bilioni 20. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitozwa na mahakama faini ya zaidi ya pauni milioni 20 kwa kumwaga majitaka katika Thames na vijito vyake kati ya 2012 na 2014. Mnamo Mei 2025 mdhibiti wa sekta ya maji akaitoza pauni milioni 122.7, sehemu kubwa ikiwa kwa sababu ya majitaka na nyingine kwa kuwagawia wenye hisa faida isivyofaa.

Waliopinga

Si wataalamu wote walioridhika. Miongoni mwa wakosoaji alikuwa Profesa Chris Binnie, aliyeongoza ile kamati iliyopendekeza handaki. Baadaye alibadili msimamo na kusema kwamba hatua nyinginezo zilizokwisha kuchukuliwa, ikiwemo kupanua mitambo ya kusafisha, zilikuwa zimeupunguzia mto mzigo kiasi kwamba handaki hilo la gharama kubwa halikuhitajika tena.

Wengine walitaka mvua izuiwe isifike mitaroni tangu mwanzo: bustani zinazonyonya maji, barabara za vigae vinavyopenyeza maji, mapaa yaliyooteshwa nyasi na matangi majumbani. Mji wa Philadelphia nchini Marekani ulifuata njia hiyo mwaka 2011 kwa mpango wa miaka 25. Watetezi wa handaki walijibu kwamba London imejengwa ikabanana, na kwamba kufukua kila mtaa kungechukua miongo mingi huku mto ukiendelea kuumia. Ukweli huenda uko katikati. Handaki hushughulikia mvua iliyokwisha kuingia bombani, ilhali bustani hupunguza ile itakayoingia kesho. Kadiri mabadiliko ya tabianchi yanavyoleta mvua za ghafla, jiji litahitaji yote mawili.

Wakazi wa karibu na maeneo ya ujenzi nao walibeba mzigo wao. Katika baadhi ya maeneo mashine zilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka, na wenye kuishi katika mashua karibu na Battersea walikuwa miongoni mwa waliolalamikia kelele. Kulikuwa na mipango ya kuwafidia na kuwawekea madirisha ya kuzuia sauti, ingawa si kila aliyeomba aliyeridhika.

Aidha, handaki halikumaliza kila kitu. Linahudumia sehemu ya mto iliyo ndani ya London pekee. Juu zaidi, maji yasikofikiwa na bahari, majitaka bado humwagika. Kwa Uingereza yote, mwaka 2023 pekee, midomo ya dharura ilimwaga kwa jumla ya saa milioni 3.6. Wala handaki haliwezi kuzuia watu kutupa vyooni visivyotakiwa. Mwaka 2017 donge la mafuta na vitambaa vya kupangusia lenye uzito wa tani 130 liliziba mtaro wa Whitechapel, likiwa na urefu wa mita 250.

Miji mingine

London haikuwa ya kwanza. Chicago ilianza mwaka 1975 kuchimba mahandaki na mabwawa ya kushika mafuriko ya majitaka. Paris, ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya 2024, ilijenga karibu na kituo cha reli cha Austerlitz tangi la chini ya ardhi lenye uwezo wa mita za ujazo 50,000. Hata hivyo, mvua iliyonyesha wakati wa michezo ililazimisha mbio za triathloni za wanaume ziahirishwe kwa siku moja kwa sababu ya uchafu wa Mto Seine. Mwaka uliofuata, mnamo Julai 2025, wakazi waliruhusiwa kuogelea mtoni humo kwa mara ya kwanza tangu 1923.

Somo kwa Mto Nairobi

Msomaji wa Kenya hana budi kujiuliza kama dawa hiyo ingefaa nyumbani. Jibu linahitaji uangalifu, kwa maana maradhi si yale yale. Nairobi ilijengewa mabomba ya majitaka yaliyotengwa na mitaro ya mvua. Tatizo lake kubwa halitokani na bomba moja kubeba vyote viwili, bali ni kwamba wakazi wengi hawana bomba lolote. Katika mitaa ya mabanda, vyoo humwaga moja kwa moja mtoni. Kwingineko, wenye majengo huyaunganisha mabomba yao na mitaro ya mvua kinyume cha sheria, na mabomba yaliyopo hupasuka au kuziba.

Jambo moja, hata hivyo, linafanana. Nairobi, kama London, imeyapitisha mabomba yake makuu katika mabonde ya mito, kwa kuwa huko ndiko majitaka huteremkia yenyewe kuelekea mitambo ya mashariki, ukiwemo ule wa Ruai. Ukingo wa mto ndio uti wa mgongo wa mfumo wote. Bomba likivunjika hapo, mto ndio wa kwanza kujua.

Juhudi zimekuwepo. Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, anakumbukwa kwa kampeni ya kuusafisha mto huo, ambayo ilififia baada yake. Mwezi Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango mwingine wa kuufufua, unaohusu pia ujenzi wa mabomba makuu ya majitaka kandokando ya mto.

Lakini kingo za Mto Nairobi si tope tupu kama zile alizozifukia Bazalgette. Ni makao ya maelfu ya watu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru waliojenga karibu na mito waondoke, na nyumba zikabomolewa katika maeneo kama Mathare na Mukuru. Bomba linalopitishwa ukingoni kwa kumfukuza mkazi bila kumpa makao mengine yenye choo litakuwa limeuhamisha uchafu tu, kama mitaro ya 1858 ilivyofanya, hadi ukingo mwingine mbele kidogo.

Na mbele hakuna mwisho wa karibu. Maji ya Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, yakapita nyanda za Ukambani, yakawa Galana na kisha Sabaki, hadi kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Wakulima wanaonyweshea mboga njiani na wavuvi wa mlangoni mwa Sabaki hawakuwahi kuulizwa kuhusu vyoo vya Nairobi. Hata hivyo, wao ndio wanaopokea kila kinachoponyoka katika mabomba ya jiji.